Yowe la Barafu

Mlango wa sebuleni uligoma kufunguka, na hapo ndipo Tukuswiga alipojua kwamba mambo yameharibika. Asubuhi ile ile ulikuwa ukifunguka kwa kidole kimoja. Sasa aliusukuma kwa bega, akausukuma kwa nyonga, ukaachia upenyo wa kupitisha mkono tu. Akarudi nyuma hatua moja, akautazama vizuri. Ubao wenyewe ulikuwa mkavu na haukuwa na neno. Kilichokuwa na neno ni fremu: kitu kizito kilikuwa kimeikalia kutoka juu.

"Baba Brenda," aliita. "Njoo uone mlango wako."

Mumewe, Andongwisye, alikuwa kwenye baraza la nyuma, amejikunyata ndani ya koti, anaangalia uwanja uliogeuka mweupe. Mvua ya mawe ilikuwa imeanza saa nane mchana. Watu wa milima hii ya Ileje mawe wanayajua. Kila mwaka huja mara mbili tatu, yakachana migomba, yakaangusha kahawa mbichi, watoto wakayaokota wakayatafuna, na kabla chai haijachemka yakawa yameshayeyuka. Lakini ya siku hiyo yalikuwa na ubishi. Yalipiga karibu saa nzima, yakapumzika, yakarudi kwa hasira zaidi, na kwa baridi iliyoshuka kutoka mlimani hayakuwa na haraka ya kwenda popote.

Nyumba za majirani zilikuwa zimeshajikung'uta. Mabati yao yalisimama mgongo juu, mawe yakadondoka, yakaserereka, yakalala chini kando ya kuta. Nyumba ya Andongwisye peke yake haikuachia hata punje, na sababu yake kila mtu kijijini aliijua. Ilikuwa na paa la kuficha. Ukisimama barabarani huoni bati, unaona ukuta umepanda juu ukavuka paa, umepigwa mstari wa rangi ya chungwa, maridadi kabisa. Bati liko ndani, limelala karibu bapa, limezungushiwa ukuta pande zote nne, na maji hutokea kwenye mabomba mawili membamba. Binti yao Brenda, anayeuza vitenge mpakani Tunduma, ndiye aliyetuma picha ya nyumba kama hiyo kwenye simu. Baba mtu akaipenda mpaka akawa anaiota. Kuanzia pale kijijini mpaka Itumba hapakuwa na nyingine ya namna ile, naye hakuchoka kuwakumbusha watu.

Alikuja, akauvuta mlango, akausukuma, akajitia hamnazo.

"Unyevu huu," alisema. "Mbao zimevimba."

"Mbao gani zivimbe kwa saa mbili? Sikiliza juu."

Wakasikiliza. Dari lilikuwa limepata ufa kutoka kwenye taa mpaka kona ya mbele, na nyuma ya ufa ule kenchi zilikuwa zikilalamika kwa sauti ndogo, kisha zinanyamaza, kisha zinaanza tena.

"Itayeyuka," alisema Andongwisye. "Jua likitoka tu."

"Jua la wapi? Hii ni saa kumi, na wingu lile linakuja."

"Basi tutamwagia chumvi. Nimeona kwenye simu. Huko Ulaya theluji ikizidi wanamwaga chumvi, inayeyuka yote."

"Chumvi tuliyo nayo haitoshi hata kwenye maharage, baba Brenda."

"Theluji ya wenzetu inakaa juu ya nyumba mwezi mzima na hazianguki!"

"Umeziangalia nyumba zenyewe lakini? Mapaa yao yamesimama hivi." Tukuswiga alikutanisha vidole vya mikono yote miwili, ncha kwa ncha. Mumewe hakutazama.

Tukuswiga hakuwa mwanamke wa kungoja ruhusa pale jambo linapokuwa wazi. Alivaa suruali ya kazi ya mumewe chini ya kitenge, akaegemeza ngazi ukutani, akapanda. Alipochungulia juu ya ule ukuta wa rangi ya chungwa alishika ukingo kwa mikono yote miwili. Barafu ilikuwa imejaa nyuma ya ukuta kama unga kwenye pipa. Upepo ulikuwa umeisukuma yote upande wa mbele, kona ya sebuleni, na pale alipotumbukiza mkono ulizama mpaka kwenye kiwiko. Chini kabisa vidole viligusa maji. Mabomba yalikuwa yameziba. Punje zilikuwa zimeanza kushikana, zinageuka kitu kimoja. Tangu utoto alikuwa amebeba maji kichwani na alijua uzito wa ndoo moja. Akajaribu kukadiria ndoo zilizokuwa juu ya sebule yake, akaacha katikati, akashuka.

"Paa linakuja chini leo," alisema. "Linakuja kabla giza halijaingia. Tumwite kaka Osea."

Andongwisye alimpa mgongo.

Osea alikuwa kaka mkubwa wa Tukuswiga, na hakuna fundi aliyepaua nyumba nyingi kuliko yeye katika vilima vile. Ndiye aliyeombwa kuijenga nyumba hii miaka mitatu nyuma, akaitazama ile picha, akasema, "Shemeji, huku kwetu mawe yanadondoka. Nikikujengea hili nitakuwa nimekujengea sufuria." Andongwisye akamleta fundi wa mjini. Hilo pekee lingesahaulika. Lakini siku ya ibada ya kubariki nyumba, mbele ya mchungaji na waalikwa wote, alisimama kushukuru, akamalizia kwa kusema shemeji yake aendelee tu na mabanda ya nguruwe, ndiyo saizi yake. Watu walicheka. Osea alichukua kofia yake akaondoka, na tangu siku hiyo hakukanyaga pale. Wakikutana njiani, yeye na Andongwisye walipishana kimya. Kwa miaka miwili Tukuswiga alikuwa akienda kumsalimia kaka yake peke yake, na akirudi nyumbani haulizwi ametoka wapi. Hali ile ilimchosha kuliko kulima.

"Simwiti," alisema Andongwisye. "Nikamwambie nini? Nikampigie magoti?"

"Sijasema umwite wewe."

"Na wewe usiende. Atasema nimekutuma."

Tukuswiga alifunga kitenge vizuri kiunoni.

"Basi nitapiga yowe."

Andongwisye alimtazama kama mtu aliyetajiwa tusi. Yowe pale kijijini si kitu cha kuchezea. Ni la msiba, la moto, na la mwizi. Anayelisikia huacha jembe lilipo, huacha chungu jikoni, anakuja mbio. Hakuna ugomvi unaomzuia mtu kuja kwenye yowe, na asiyekuja atajieleza mbele ya mwenyekiti. Na anayelipiga bila sababu hutozwa jogoo, halafu huchekwa mwaka mzima, jambo ambalo ni baya kuliko jogoo.

"Mama Brenda, una akili kweli? Yowe la barafu! Kijiji kizima kitanicheka!"

"Watakucheka ukiwa na paa."

"Yeye pia atakuja."

"Yowe halimwiti mtu kwa jina," alisema Tukuswiga. "Akija, atakuwa amekuja mwenyewe. Wewe hujamwita, mimi sijamfuata. Unataka nini tena?"

Hakungoja jibu. Alitoka mpaka katikati ya uwanja, barafu ikilia chini ya ndala zake, akaweka kiganja mdomoni, akaachia. Sauti ile ilivuka bonde, ikagonga kilima cha upande wa pili, ikarudi. Akapiga ya pili, na ya tatu.

*

Walikuja wengi kuliko alivyotarajia. Walikuja na mapanga na marungu, wanawake wamejifunga vitambaa kichwani tayari kwa kulia. Wa kwanza alikuwa mzee Ambilikile, mwenyekiti wa kitongoji, anahema, buti moja mguuni na nyingine mkononi.

"Nani amekufa?"

"Bado hajafa mtu, mwenyekiti," alisema Tukuswiga. "Ni paa."

"Paa limefanya nini?"

"Limejaa barafu. Linataka kuanguka."

Watu walitazama juu kwenye ule ukuta. Kisha mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, na kicheko kikatambaa uwanja mzima. "Yowe la barafu!" alisema jirani yao Tabita, akishika mbavu. "Na mimi nimeacha ugali unaungua, nikijua baba Brenda katutoka!" Andongwisye alisimama mlangoni, shingo imezama ndani ya koti. Tukuswiga aliiona aibu yake na ikamuuma, maana mume ni wake, hata akikosea ni wake. Lakini hakurudi nyuma.

"Mama Brenda," alianza mzee Ambilikile akivaa ile buti ya pili, "sheria ya yowe unaifahamu. Jogoo..."

Ndani ya nyumba kitu kilipasuka, *ta!*, kwa sauti kavu. Vumbi jeupe la dari likatoka dirishani. Waliokuwa wakicheka waliruka nyuma wote pamoja, na mwenyekiti hakuzungumzia jogoo tena.

"Kenchi moja imekwenda," ilisema sauti kando ya uzio wa miti. "Ya pili kutoka mbele."

Ilikuwa sauti ya Osea. Alikuwa amesimama na panga lake, nje kidogo ya uwanja, kama mtu anayesubiri kukaribishwa. Tukuswiga alimwendea, akamsalimu kwa kupiga goti kidogo kama ipasavyo kwa kaka mkubwa.

"Ndaga, asante kwa kuja, kaka."

"Nimesikia yowe," alisema Osea. "Nimekuja kwenye yowe." Akaingia uwanjani. Aliizunguka nyumba taratibu, akapanda ngazi, akatazama, akashuka. Hakucheka wala hakusema *niliwaambia*. Alipomaliza alisimama hatua tatu kutoka kwa Andongwisye, akamgeukia dada yake.

"Dada, mwambie mumeo anionyeshe kama ana milunda, miti ya kuegemeza. Kenchi zishikiliwe kwa ndani kwanza."

"Mwambie kaka yako milunda ipo nyuma ya choo," alisema Andongwisye, macho yake yakiwa kwenye mlima.

Tukuswiga alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Amesikia. Na wewe umesikia."

"Mwambie pia," aliendelea Osea, "kwamba ukuta wa mbele ubomolewe. Kwenye kona hii, upana wa futi sita, mpaka usawa wa bati."

"Ubomolewe!" Andongwisye alisahau kutazama mlima. "Mwambie kaka yako vijana wapo hapa kumi. Wapande na makoleo, waichote wairushe nje. Ukuta haujafanya kosa."

"Mwambie mumeo kijana mmoja ana kilo sitini. Kama anaona uzito ulioko juu hautoshi, awapandishe."

Watu walianza kutabasamu, lakini kwa adabu, maana kenchi zilikuwa bado zinalia. Matone ya mvua ya kawaida yalianza kuanguka. Osea aliyatazama yakigonga mkono wake.

"Maji haya yatakaa juu ya barafu," alisema, na safari hii hakumtaja mtu. "Yana pa kuingia, hayana pa kutokea. Nusu saa. Labda pungufu."

"Basi bomoa, Osea!" alisema mzee Ambilikile. "Unangoja nini?"

"Siwezi kugonga ukuta wa mtu bila neno la mwenyewe, mwenyekiti. Kesho atasema nilikuja kulipiza. Na neno hilo," aliongeza polepole, "sitaki kuletewa na mtu."

Hapo uwanja wote ukamgeukia Andongwisye. Tukuswiga alimwendea mumewe, akasimama mbele yake kiasi kwamba watu wengine hawakuuona uso wa Andongwisye. Ulikuwa uso wa mtu aliyeogopa. Kwa miaka nane mwanamume huyu alikuwa ameuza kahawa na kununua tofali, ameuza kahawa na kununua tofali, na mstari ule wa rangi ya chungwa aliupaka mwenyewe kwa brashi ndogo, siku mbili juu ya ngazi, akikataa kusaidiwa. Ndicho kitu pekee maishani mwake kilichowafanya wapita njia wasimame. Tukuswiga alimwonea huruma na alimkasirikia, vyote kwa pamoja.

"Mume wangu," alisema kwa sauti ya chini, "wanaopita barabarani wanauona ukuta. Sisi tunalala chini ya bati."

Andongwisye alimsogeza mkewe kando kwa mkono, bila ukali, akazipiga zile hatua tatu.

"Osea," alisema. "Shemeji. Bomoa."

*

Kazi ilikwenda haraka. Osea aliingia kwa mlango wa nyuma na vijana wanne, wakasimamisha milunda chini ya kenchi, wakaikaza kwa vipande vya mbao. Kisha akapanda ngazi na nyundo kubwa. Pigo la kwanza lilibandua rangi ya chungwa, la pili likatoa ufa, na la tatu likaangusha tofali mbili zikafuatwa na mfereji wa maji meusi yenye barafu. Andongwisye alikuwa chini ameshika ngazi. Maji yalimlowesha kuanzia kichwani, naye hakuiachia.

Pengo lilipotosha, vijana walitaka kupanda na makoleo. Osea aliwazuia.

"Koleo litatoboa bati, na ninyi mnachimba kama mnafukua kaburi. Nataka waanikaji wa kahawa. Nani ana reki ya mbao?"

Wanawake walielewa kabla hajamaliza. Kahawa ikiwa kwenye kichanja haichimbwi. Husukumwa juu juu, tabaka kwa tabaka, bila kukwaruza chini, bila kurundika upande mmoja, na mkono usiojua hilo huharibu mzigo wa msimu mzima. Tabita alikimbia kwake akarudi na reki tatu begani. Tukuswiga alichukua moja akapanda wa kwanza.

Alisimama kwenye pengo, tumbo lake likiegemea tofali zilizovunjika, akanyoosha reki mpaka mwisho wa mpini, akavuta. Barafu ilikuja kidogo, ikapita ubavuni mwake, ikaanguka chini kwa kishindo. Akavuta kulia, akavuta kushoto, kama alivyofundishwa na mama yake kwenye kichanja, usiache kilima hapa na bonde pale. Tabita alikuwa kando yake, juu ya ngazi nyingine.

"Baba Brenda alituambia paa hili ni la kisasa," alisema Tabita akivuta. "Hakutuambia linahitaji kupaliliwa."

"Vuta, wewe!"

"Navuta! Mwakani tuanike kahawa huku huku, tusihangaike na kichanja."

Walicheka wote wawili huku meno yakigongana kwa baridi. Vidole vya Tukuswiga vilikufa ganzi mpaka hakujua kama bado ameshika reki, ila aliona inakwenda. Lakini moyoni hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Kila mvuto ulikuwa unaondoa ndoo moja juu ya sebule yake, na aliweza kusikia kenchi zikitulia moja moja. Chini, Andongwisye alishika koleo na kuisogeza barafu mbali na msingi. Hakuna aliyemwagiza. Osea alikuwa akizunguka ndani akigonga mlunda huu na ule, akiita, "Kulia kumezidi! Vuteni kulia!" na mara moja, bila mtu kushangaa, aliita, "Shemeji, lete mbao fupi!" na shemeji akaipeleka mbio.

Saa kumi na mbili bati lilionekana. Mabomba yaliachia, maji yakashuka yakibubujika. Kenchi moja ilikuwa imevunjika, ya pili imepinda, dari la sebule lote lilikuwa la kutupa, na kona ya mbele ya nyumba nzuri kuliko zote mpaka Itumba ilikuwa na pengo la kupitisha ng'ombe. Lakini paa lilikuwa juu, mahali pake.

"Yowe hili ni halali," alitangaza mzee Ambilikile. "Hakuna jogoo."

"Jogoo yupo," alisema Tukuswiga. "Tena wawili. Hakuna anayeondoka hajala."

*

Walikula kwenye chumba kikubwa cha nyuma na baraza zima, wamebanana, nguo zinatoa mvuke kwa joto la majiko ya mkaa. Wazee walikaa kwenye viti, vijana kwenye magunia. Osea hakutaka kuingia. Alisema nguo zake zina matope, alisema atakula nyumbani, alisema giza linaingia. Mwisho Tukuswiga alimshika mkono mbele ya watu kama mtoto, akamkalisha karibu na mwenyekiti, naye Osea akakaa ukingoni mwa kiti, kofia magotini.

Tukuswiga alijaza jagi maji ya uvuguvugu, akachukua beseni na taulo ili apite kuwanawisha wageni, kama ilivyo kazi ya mwenye nyumba wa kike au binti yake. Alipogeuka, Andongwisye alikuwa amesimama mbele yake. Alikuwa bado na nguo zilizolowa. Alichukua jagi kutoka mkono wake wa kulia, akachukua beseni kutoka wa kushoto, akatupia taulo begani.

Tukuswiga alidhani anamsaidia kuvibeba. Lakini Andongwisye alimpita mwenyekiti, aliyekuwa ameshanyoosha mikono, akaenda mpaka kwa Osea. Hapo alipiga goti moja sakafuni, akaweka beseni chini ya mikono ya shemeji yake.

Mazungumzo yalikatika, kwanza chumbani, kisha kwenye baraza, kwani waliokuwa nje walisimama kuchungulia kwa nini ndani kumekuwa kimya. Karibu wote walikuwapo ile siku ya ibada. Walikuwa wamecheka. Sasa hakuna aliyecheka. Mzee Ambilikile alirudisha mikono yake mapajani.

Osea aliitazama ile mikono iliyoshika jagi. Ilikuwa imechubuka kwa koleo. Akaweka kofia pembeni, akanyoosha ya kwake.

Maji yakamwagika. Osea alinawa taratibu, kidole kwa kidole, akiondoa vumbi la tofali kwenye kucha, naye Andongwisye akamwaga taratibu vile vile, akisubiri, hakuharakisha. Hakuna hata mmoja aliyemtazama mwenzake usoni. Tukuswiga alisimama mlangoni amebana kitenge mdomoni, machozi yanamtiririka mbele ya kila mtu, wala hakujisumbua kuyafuta. Maji kwenye beseni yaligeuka mekundu kwa udongo, kisha yaliyotoka mikononi yakawa meupe, na mikono ya Osea ilikuwa imeshatakata muda mrefu, lakini hakuiondoa. Mwishowe jagi likatoa tone la mwisho.

Andongwisye aliinua kichwa, akamtafuta mkewe kwa macho.

"Mama Brenda," alisema. "Leta mengine."